Udzungwa bila gari: je, tutaona kitu kweli?

*"Tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Mwaka jana tulikwenda Mikumi, tukaona tembo, twiga na simba kwa mbali, lakini magari yalikuwa mengi na watoto walichoka kukaa kwenye kiti. Mume wangu amesikia habari za Milima ya Udzungwa, kwamba ndani hakuna magari, mnatembea tu, na wageni ni wachache. Tungependa kwenda siku tatu hivi pamoja na watoto wetu wawili (miaka 9 na 13) na mama mkwe. Mama ana miaka 66, goti la kulia linamsumbua, lakini hataki kuachwa nyumbani. Sasa rafiki yangu aliyefika huko anasema alitembea saa nne akaona maporomoko na kima wawili, basi, pesa imekwenda. Naogopa nisije nikawachosha watu bure. Pia naogopa nyoka na tembo tukiwa kwa miguu. Twende Juni au Desemba? Na Noah yetu itafika, au tukodi gari la milimani?"*

Dada, salaam, na umfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza mengi, lakini naona yote yamebebwa na hofu moja: kwamba mtatembea, mtatoka jasho, halafu mtarudi Tabata watoto wakiuliza wanyama walikuwa wapi. Hofu hiyo ina msingi, na sitakujibu kama tangazo la utalii. Ushauri wangu ni mwende. Mwende Juni, kwa Noah yenu. Ila msiipange safari hii kama mlivyoipanga ya Mikumi. Kule mliwafuata wanyama kwa gari. Udzungwa mtachagua saa na mahali, mtatulia, na wao ndio watakaopita.

Nianze na rafiki yako, maana simulizi yake ndiyo iliyokutia wasiwasi. Siamini kwamba amekudanganya. Nikisikia mtu ametembea saa nne akaona kima wawili, swali langu la kwanza huwa alianza saa ngapi, na la pili walikuwa wangapi. Wageni wengi huamka kwa raha, hunywa chai, hufika getini saa nne asubuhi, huingia kundi zima wakipiga soga, na macho yote yako kwenye maporomoko yaliyo mbele. Kwa mwendo huo, kima wawili ni bahati.

Watu hudhani msitu ukiwa kimya basi hauna kitu. Angalia chakula kilipo utaelewa. Nyikani jua linafika ardhini, nyasi zinaota, walaji wa nyasi wanakusanyika kwa mamia mahali peupe, na simba wanawafuata. Msituni jua linaishia kwenye vilele vya miti. Chini kuna kivuli, majani makavu na miche inayosubiri mti mkubwa uanguke ili ipate mwanga. Majani machanga, maua na matunda yako juu kabisa ya kichwa chako, na wanaoyala wako huko huko. Wanaoishi chini, kama funo na minde (paa wa msituni) na sange (mnyama mdogo wa pua ndefu), hutembea mmoja mmoja au wawili wawili, kwa kuwa chakula chao kimetawanyika na hakiwezi kulisha kundi. Kwa hiyo mtu aliyezoea Mikumi akiangalia mbele, usawa wa macho, anaangalia sehemu tupu kuliko zote.

Saa nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na mfano mzuri ni mbega mwekundu wa Udzungwa. Mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii na misitu michache ya bonde la Kilombero. Chakula chake kikubwa ni majani, na majani ni magumu kuyeyushwa. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake bakteria huyachachusha majani kwa saa nyingi, karibu na inavyofanyika kwa ng'ombe, ingawa mbega hacheui. Hata matunda yaliyoiva yenye sukari nyingi hayamfai sana, kwa sababu huvuruga uchachukaji huo. Sasa fikiria siku yake. Asubuhi na mapema anakula kwa bidii, anaruka tawi hadi tawi, wanaitana. Jua likipanda anakaa kimya juu ya tawi akisubiri tumbo limalize kazi. Ukipita chini ya kundi zima saa sita mchana, usipojua pa kutazama, hutajua kama umewapita. Ukipita hapo hapo saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni, watoto wako hawatahitaji kuonyeshwa.

Mwenzake anayeishi chini zaidi ni mangabe wa Sanje, aina ya nyani, ambaye wenyeji humwita ng'olaga. Sayansi ilimtambua mwaka 1979, pale watafiti waliposikia mlio wasioujua katika msitu wa Mwanihana. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wanamjua siku zote. Anaishi katika misitu miwili tu: huo wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi, na ule wa Uzungwa Scarp upande wa kusini. Ng'olaga hutumia muda mwingi ardhini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, na taya zake hupasua kokwa ngumu ambazo nyani wengine huziacha. Watafiti wamezoesha kundi moja kuwapo kwa watu. Mkipiga simu ofisi ya hifadhi, ulizeni kama siku zenu kuna mwongozaji wa kuwafuata. Kwa watoto wa umri wa wanao ningeanza na hao kabla ya maporomoko.

Nikueleze inavyokuwa, ili uweze kuwaandaa. Mnatembea taratibu, mwongozaji mbele, hakuna anayezungumza. Anasimama. Nanyi mnasimama, na kwa dakika moja hamsikii ila mto kwa mbali. Kisha kipande cha jani kinadondoka, halafu kingine, kibichi, kimeng'atwa ukingoni. Tawi linapiga kelele na kurudi mahali pake. Hapo ndipo mnainua macho, na mnaona mkia kwanza, mrefu, unaning'inia. Mnafuata mkia hadi juu, na kuna uso mweusi wenye nywele nyekundu utosini unawaangalia nyinyi. Mkishamwona mmoja, mtaanza kuwaona wengine, kwa sababu jicho limeshajifunza umbo la kutafuta. Mtoto wa miaka 9 hujifunza hilo haraka kuliko baba yake. Mpe kazi: yeye ndiye wa kusikiliza vitu vinavyodondoka. Na mkisikia angani mlio kama wa mtoto mchanga anayelia, msishtuke, ni hondohondo.

Wanyama wakubwa wapo: tembo, nyati, hata chui. Uwezekano wa nyinyi kuwaona wazi ni mdogo, na anayekuahidi vinginevyo anauza. Lakini barabara kuu mtakayoifuata kwenda huko inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mara nyingi mtawaona twiga, swala, nyani, hata tembo kando ya lami bila kulipa kiingilio. Basi waahidini watoto tembo wa barabarani na mbega wa msituni. Mtoto akijua mapema nini kipo wapi, hasikitiki. Dereva naye aheshimu vibao vya mwendo, maana kugonga mnyama pale kuna faini, na mnyama akishakufa faini haimrudishi.

Tembo kwa miguu: hofu yako ni ya haki na nisingependa uipoteze yote. Nyikani unamwona tembo kwa mbali na yeye anakuona. Kwenye msitu mnene unaweza kuwa hatua chache kutoka kwake usimwone, na hatari kubwa ni kumshtua. Ndiyo sababu njia ndefu hazitembelewi bila mwongozaji, na zile za kulala porini huenda na askari wa hifadhi mwenye silaha. Mwongozaji anasoma kinyesi kama ni kibichi, matawi yaliyovunjwa kama utomvu bado unatoka, na upepo unakoelekea. Akisema turudi, rudini, hata kama maporomoko yamebaki dakika kumi na mmelipa. Watoto watembee katikati ya watu wazima, na huyo mdogo asikimbie mbele kwenye kona.

Nyoka wapo, na wengi hukwepa mtu kabla hujajua kama walikuwapo. Viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu, na mkono usishike gogo wala jiwe kabla jicho halijalitazama. Mkizingatia hayo mmeondoa sehemu kubwa ya hatari. Kwa kweli vitakavyowasumbua zaidi ni vidogo. Siafu wakivuka njia, vukeni kwa hatua ndefu bila kusimama, suruali zikiwa zimeingizwa ndani ya soksi. Kupe mtawakagua jioni, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele za watoto. Na kuna upupu, ule mmea wa kutambaa wenye maganda yenye manyoya ya kahawia: ukikauka manyoya yanapeperuka na kuwasha vibaya. Akiguswa mtu asijisugue. Bandika plasta au utepe wa gundi juu ya ngozi, ubandue ili utoke na manyoya, kisha osha kwa maji mengi.

Juni au Desemba? Juni, bila kusita. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale yenye misitu, na ukuta wake wa mashariki, upande wa Mang'ula mtakakofikia, unapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikigonga mlima hupanda, hupoa na kuangusha mvua. Upande wa pili, kuelekea Iringa, ni mkavu. Unyevu huo umedumu kwa muda mrefu mno, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na ndiyo maana viumbe wengi wa humo hawapatikani kwingine. Mfano ni sange mwenye uso wa kijivu, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008. Ni mnyama wa pua ndefu, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, na hakuna aliyekuwa amemwandika. Na upande huu msitu haukatiki, kuanzia chini kwenye mita 250 hivi hadi juu ya mita 2,000. Mimi hilo hunigusa kila ninapolitaja, kwa kuwa kwingi Afrika Mashariki msitu wa chini ulishakatwa na umebaki kofia ya juu tu.

Kwenu maana yake ni hii: masika huisha Mei, hivyo Juni mito bado imejaa, njia zimeanza kukauka, na joto limepungua. Desemba kuna vuli, joto la bondeni, na mawe yanayoteleza. Hata Juni bebeni koti la mvua. Manyunyu ya ghafla ni ya kawaida.

Sasa mama. Hapa nakuomba usikilize kwa makini kuliko mahali pengine. Wengi hudhani mwenye goti baya ataumia kwenye kupanda, kwa hiyo wanampima hapo, akipanda vizuri wanafurahi. Kupanda huchosha moyo na mapafu. Goti linaumizwa na kushuka, kwa sababu kila hatua uzito wote wa mwili unatua kwenye mguu mmoja uliokunjika, na misuli ya paja inafanya kazi ya breki muda wote. Njia ya kwenda maporomoko ya Sanje inapanda sana, tena ina ngazi na mizizi. Maporomoko yake yanaanguka takriban mita 170, na kutoka juu mnaliona bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa. Ni ya saa nne kwa mwendo wa kawaida, na nyinyi na watoto mtaiweza. Mama nisingempeleka huko. Akikwama katikati hakuna gari la kumfuata. Atabebwa, na yeye mwenyewe hatalipenda hilo.

Lakini hakuna sababu ya kumwacha hotelini akiangalia televisheni. Ipo njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na makao makuu ya hifadhi, kama kilomita moja, na mbega huonekana mara kwa mara hapo hapo pembezoni. Mchukulieni fimbo, mwende jua likielekea kuzama, mpumzike kila anapotaka. Kwa msitu tambarare kabisa upo Magombera, bondeni, upande wa pili wa barabara, unaosimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kama hifadhi ya mazingira asilia. Mbega wekundu wamo, na kuna kinyonga anayebeba jina la msitu huo, aliyetambuliwa na sayansi mwaka 2009. Kibali chake ni tofauti na cha TANAPA, wanaosimamia hifadhi za taifa kama Udzungwa, kwa hiyo ulizeni mapema.

Kabla ya kulipia chochote, mpelekeni mama kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo amwangalie hilo goti ana kwa ana. Mimi siwezi kulipima kwa maandishi. Kama linavimba, linakwama, au linamwachia ghafla akitembea, hata ile njia fupi isubiri kauli ya daktari. Akiruhusiwa, nendeni naye siku moja Pugu, kwenye msitu wa Kazimzumbwi, akiwa amevaa viatu vile vile vya safari. Angalieni anavyoshuka, na muulizeni goti linasemaje kesho yake asubuhi. Kwa wanao na wewe pia hiyo ni nafasi ya kulainisha viatu vipya.

Mpango wangu ungekuwa huu. Siku ya kwanza ni ya barabara: mnaondoka Dar alfajiri, mnapita Morogoro na Mikumi, mnakata kushoto Mikumi mjini kuelekea Kidatu, mnafika Mang'ula mchana. Jioni, njia fupi pamoja na mama. Usiku mkisikia ukelele wa kutisha kutoka kwenye miti ni perere, mnyama mdogo mwenye sauti kubwa. Mwambieni mtoto kabla hajalala, si baada. Siku ya pili muwe msituni kabla ya saa moja, kuwafuata ng'olaga au mbega, mrudi mpumzike mchana kama wanyama wenyewe wanavyopumzika. Siku ya tatu Sanje, nyinyi wanne. Mama na mwenyeji mmoja wazunguke soko la Mang'ula au waende Magombera. Mlale usiku wa tatu, mrudi asubuhi. Mkibana yote kwenye siku mbili mtaishia kutembea saa za mchana, kama rafiki yako.

Msikodi gari la milimani. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya kuendesha, kwa hiyo gari lolote litaegeshwa getini, na siku hizi lami inafika. Pesa hiyo lipieni usiku wa ziada na mwongozaji mzuri. Msipotaka kuendesha, treni ya SGR itawafikisha Morogoro, na kutoka hapo kuna mabasi ya Ifakara yanayopita Mang'ula. Stesheni ya TAZARA ipo Mang'ula pia, ila kwa safari yenye mzee na watoto siishauri, kwa vile treni huchelewa na mnaweza kushuka usiku wa manane. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana raia hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, na watoto wenu wana kiwango chao. Malipo ni kwa kontroli namba au kadi. Msitegemee kutoa fedha taslimu getini. Mwongozaji hulipwa kando.

Kila mmoja awe na lita mbili za maji na chakula cha mchana, kwa sababu njiani hakuna duka. Msiwape nyani chochote, na mwenye mafua asiwasogelee ng'olaga. Hao ni jamaa wa karibu wa binadamu kimwili, maradhi yetu ya kifua huwaambukiza, na mnyama aliyebaki katika misitu miwili tu hawezi kustahimili mlipuko. Kama mtoto ameamka anakohoa, siku hiyo mwende mtoni badala yake. Na mkiogelea, iwe pale mwongozaji anaporuhusu; miamba ya maporomoko ina utelezi wa kijani usioonekana mpaka umeshaanguka.

Bonde la Kilombero lina malaria kweli kweli, na si bure kwamba Ifakara kuna taasisi ya utafiti inayoishughulikia. Mang'ula iko chini, ni joto, si baridi ya Lushoto. Chandarua, dawa ya kupaka, mikono mirefu kuanzia magharibi. Ongea na daktari wa watoto kuhusu kinga kabla ya safari, hasa kama mmoja wao ana selimundu au pumu. Mmoja wenu akipata homa wakati wowote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo na mumwambie daktari mlikuwa wapi. Mkiwa huko huko, hospitali kubwa ya karibu ni ya Mtakatifu Francis, Ifakara.

Kama daktari atamkataza mama kutembea kabisa, zingatieni Amani, wilayani Muheza, Tanga. Ni msitu wa Tao hilo hilo la Mashariki, una bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na gari linapanda hadi ndani, kwa hiyo ataona miti mikubwa akiwa amekaa. Nyani wake si wa aina ile ya Udzungwa na mbega wekundu hamtawapata, hivyo watoto watapoteza kidogo ili bibi yao apate. Uamuzi huo ni wenu wa nyumbani. Mkichagua Udzungwa, pigeni simu makao makuu Mang'ula wiki mbili tatu kabla, mwombe mwongozaji anayejua makundi ya nyani yanalala wapi, na mkubaliane naye saa ya kukutana getini. Akikwambia saa nne asubuhi inatosha, omba mwingine.